Fomu Moja, Makarani Wengi: Ubunifu wa Fomu na Uingizaji wa Rekodi katika Hifadhidata ya Ofisi

Mhadhara uliotolewa Mwanhuzi, Wilaya ya Meatu, Mkoa wa Simiyu



Shukrani zinatolewa kwanza kwa waandalizi, walioona kwamba jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta linastahili kuletwa mbele ya hadhara hii, na pili kwa makarani waliofunga madaftari yao mchana huu ili waje kusikiliza, ingawa wao ndio wanaolijua jambo lenyewe kwa mikono. Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza namna fomu ya kompyuta inavyopaswa kubuniwa, na namna rekodi mpya zinavyopaswa kuingizwa, pale ambapo hifadhidata moja iliyomo katika kompyuta za mezani za ofisi hutumiwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa katika majedwali. Jedwali lina safu za mlalo, ambazo kila moja ni rekodi, yaani taarifa za mtu mmoja au za tukio moja, na lina safu za wima, ambazo kila moja huitwa uga, yaani nafasi ya taarifa za aina moja kama vile jina, kijiji au uzito. Fomu ni dirisha ambalo karani hupitia ili kuyasoma na kuyajaza majedwali hayo bila kuyagusa yenyewe.

Hoja iliyo mama wa nyingine zote inatajwa mapema ili wasikilizaji waipime kadiri mhadhara unavyoendelea: katika hifadhidata yenye mikono mingi, kuongeza rekodi ni salama kuliko kubadili rekodi, na fomu iliyobuniwa vizuri ni ile inayomwezesha karani kuongeza mara nyingi na kubadili mara chache.

Mifano itachukuliwa sehemu mbili zinazofahamika na watu wa Meatu. Ya kwanza ni chama cha msingi cha pamba, yaani AMCOS, pamoja na daftari lake la wanachama na stakabadhi zake za mizani. Ya pili ni kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, kwa sababu hifadhidata ya CTC2, iliyotumika kwa miaka mingi katika kliniki za namna hiyo nchini Tanzania, ilijengwa juu ya Microsoft Access, programu ya kompyuta za mezani iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Anayedhani kwamba programu za aina hii ni mambo ya darasani tu na akumbuke kwamba taarifa za matibabu ya Watanzania wengi zimepita humo.

Hoja ya kwanza: fomu ifuate kazi, na jedwali lifuate ukweli

Kosa la kawaida la mbunifu anayeanza ni kuchukua karatasi iliyokuwa ikitumika ofisini, kuhesabu visanduku vyake, kisha kutengeneza jedwali moja lenye nyuga zilezile na kuibandika fomu juu yake. Karatasi hulazimika kurudia mambo, kwa kuwa kila karatasi husafiri peke yake na haina budi kubeba jina la mkulima, kijiji, kata, wilaya na mkoa. Jedwali halisafiri peke yake. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM nchini Marekani, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba taarifa zinaweza kugawanywa katika majedwali yanayohusiana, ili kila jambo liandikwe mahali pamoja tu na majedwali mengine yalirejelee kwa namba yake.

Faida ya wazo hilo haihitaji mfano wa mbali. Hadi mwaka 2012 Wilaya ya Meatu ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu, Meatu, Maswa na Bariadi zilitoka Shinyanga, Busega ikamegwa kutoka Magu ya Mkoa wa Mwanza, na Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Hakuna mkulima aliyehama. Hata hivyo, ofisi iliyokuwa ikiandika neno “Shinyanga” katika kila rekodi ya kila mwanachama ilijikuta na maelfu ya rekodi zilizopitwa na wakati, ilhali ofisi yenye jedwali moja la maeneo, ambamo kijiji kinaelekeza kwenye kata, kata kwenye wilaya na wilaya kwenye mkoa, ingehitaji kusahihisha mstari mmoja tu. Kwa upande wa Itilima kazi ingekuwa kubwa kidogo, kwa sababu kata zake zilipaswa kuhamishwa kutoka Bariadi moja moja, lakini hata hapo kinachohesabiwa ni kata na si watu.

Majedwali yakishagawanywa hivyo, karani asilazimishwe kuuona mgawanyo huo. Fomu humwonyesha ukurasa mmoja: juu ni mwanachama, chini ni orodha ya mizigo yake ya msimu, ingawa kwa ndani hayo ni majedwali mawili. Kijiji hachapi kwa vidole. Hukichagua katika orodha kunjuzi, yaani kisanduku kinachofunguka na kuonyesha majina yaliyokwisha kukubaliwa, na orodha hiyo ifungwe ili isipokee neno lililo nje yake. Mpangilio wa kishale kinaporuka kutoka kisanduku kimoja hadi kingine ufuate mpangilio wa karatasi iliyo mkononi mwa karani, juu kwenda chini, bila kurudi nyuma. Jambo hili la mwisho huonekana dogo mbele ya wabunifu na kubwa sana mbele ya karani mwenye stakabadhi 300 za kuingiza kabla ya jioni.

Hoja ya pili: jina si ufunguo

Kila rekodi inahitaji ufunguo msingi, yaani thamani moja isiyorudiwa ambayo kwayo rekodi hiyo hutofautishwa na nyingine zote. Ofisi nyingi huanza kwa kutumia jina, na katika Usukuma jina huadhibu ofisi ya namna hiyo haraka kuliko kwingine.

Sababu ya kwanza ni tahajia. Kiambishi ambacho Kisukuma hukitamka na kukiandika Ng'wa- huandikwa Mwa- katika nyaraka nyingi za serikali, kiasi kwamba hata mji huu una sura mbili, Ng'wanhuzi na Mwanhuzi. Mtu anayeitwa Ng'wandu huwa Mwandu akifika dirishani, kwa kutegemea karani aliyeketi siku hiyo ni wa wapi. Kompyuta haina sikio. Kwake hao ni watu wawili, na kila mmoja atafunguliwa rekodi yake, deni la pembejeo likaangukia mmoja na malipo ya pamba yakaangukia mwingine.

Sababu ya pili ni ritifaa, kialama kidogo kinachokaa katika ng'. Alama hiyo ina angalau sura tatu katika kibodi na programu za leo: iliyonyooka, iliyopinda kushoto na iliyopinda kulia. Kwa jicho zinafanana, kwa kompyuta ni herufi tatu tofauti, na anayetafuta jina kwa mojawapo hatalipata lililoandikwa kwa nyingine. Lipo tatizo lingine la ndani zaidi. Lugha ya maswali ya hifadhidata, ambayo programu hutumia kutafuta rekodi, huzungushia maneno alama hiyohiyo ili kuonyesha mwanzo na mwisho wake. Kwa hiyo mbunifu asiyekuwa mwangalifu akiunganisha swali lake na jina Ng'wandu, kompyuta husoma Ng, hudhani neno limekwisha, kisha hugoma kwa sababu haielewi wandu ni nini. Fomu iliyojaribiwa Dar es Salaam kwa majina ya Juma na Asha itapita majaribio yote, halafu itaanguka siku ya kwanza Meatu. Dawa inajulikana, nayo ni kuandika ritifaa mara mbili ndani ya swali, au, iliyo bora zaidi, kupeleka jina kama kigezo kilichotengwa na swali lenyewe; lakini hataitumia mbunifu ambaye hakuambiwa kwamba katika ofisi hii hata neno ng'ombe ni la kazi.

Sababu ya tatu ni kwamba majina hujirudia, ya watu na ya mahali pia. Iko Kisesa ya Meatu na iko Kisesa ya Magu, na karani mwenye orodha isiyoonyesha wilaya pembeni ya jina la kata atamhamisha mtu kutoka ukingo wa Serengeti hadi jirani ya jiji la Mwanza kwa kubonyeza mara moja.

Wengine husema basi itumiwe namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA. Namba hiyo ni njema na ipewe uga wake, ila haifai kuwa ufunguo msingi, kwa kuwa wapo wanachama ambao bado hawana kitambulisho siku wanapoleta mzigo wao wa kwanza, na mzani haumsubiri mtu. Pia ina mtego. Ina tarakimu 20, ambazo 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na uga wa kuiweka ukitangazwa kuwa wa hesabu, programu nyingi za mezani hutunza kwa usahihi tarakimu 15 hivi tu za mwanzo na zinazobaki hugeuka sifuri kimyakimya. Mwathirika mwingine wa kosa hilohilo ni namba ya simu, ambayo hupoteza sifuri yake ya mbele. Kanuni rahisi ni hii: namba ambayo hakuna atakayeijumlisha wala kuigawanya ihesabiwe kuwa maandishi.

Kinachobaki ni ufunguo usio na maana yoyote nje ya hifadhidata, namba ambayo programu huitoa yenyewe, na pembeni yake njia nzuri ya kumtafuta mtu. Hapa fomu ina wajibu ambao wabunifu wengi huusahau: isifunguke ikiwa tupu. Fomu inayofunguka tupu humwalika karani kuandika, naye huandika, hata kama mwanachama huyo yumo humo tangu misimu mitano iliyopita. Fomu ianze na kisanduku cha kutafuta, ionyeshe wanaokaribiana kwa jina pamoja na kijiji, jina la kati na mwaka wa kuzaliwa, na kitufe cha “Mwanachama Mpya” kiwashwe baada ya utafutaji na si kabla yake. Majina yawekewe nyuga tatu, kwa sababu Mtanzania ana jina la kwanza, la kati na la ukoo, na fomu zilizoagizwa kutoka nje zenye nyuga mbili tu huwafanya ndugu wa baba tofauti kuwa mtu mmoja.

Wakulima wa pamba ya kilimo hai walio hapa wanaujua uzito wa jambo hili. Meatu imekuwa na kilimo hicho tangu mwaka 1994 kupitia mradi uliozaa kampuni ya bioRe Tanzania, na uthibitisho wa kilimo hai husimama juu ya orodha: pamba lazima iweze kufuatiliwa hadi kwa mkulima aliyesajiliwa na shamba lililokaguliwa. Rekodi mbili za mtu mmoja, moja ikiwa imekaguliwa na nyingine la, zinaweza kuutilia shaka mzigo mzima.

Hoja ya tatu: uga wa lazima huzaa uongo

Programu humruhusu mbunifu kutangaza kwamba uga fulani hauwezi kuachwa wazi. Uwezo huo ni mtamu, na mbunifu akishauonja huutumia kila mahali. Matokeo yake huonekana katika orodha za Afrika Mashariki zenye watu wengi ajabu waliozaliwa tarehe 1 Januari. Hawakuzaliwa siku hiyo. Walifika dirishani wakiujua mwaka, au wakijua tu kwamba walikuwa wakichunga ndama wakati wa Operesheni Vijiji, au kwamba walizaliwa mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliponyesha. Fomu ikakataa kuendelea, na karani akaipa ilichotaka. Karani hakusema uongo kwa hiari yake, fomu ndiyo iliyoununua.

Njia iliyo sawa ni kuweka pembeni ya tarehe uga mdogo wa kuchagua: tarehe kamili, mwaka tu, makadirio, haijulikani. Uga huo ndio ufanywe wa lazima, kwa kuwa kila karani anaweza kuujaza kwa ukweli.

Tarehe ina hila nyingine. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, na stakabadhi iliyoandikwa 03/05 kwa mkono wa Mtanzania ni ya tarehe 3 Mei. Kompyuta iliyonunuliwa na mipangilio ya Marekani bila kubadilishwa huisoma kuwa 5 Machi, mwezi ambao pamba bado iko shambani. Na ikikutana na 17/05, ambayo haiwezi kuwa na mwezi wa kumi na saba, huigeuza yenyewe ikaisoma sawasawa bila kumwarifu mtu, hivyo nusu ya msimu huonekana sahihi na nusu hutawanyika katika miezi mingine. Fomu iitangaze tarehe kwa jina la mwezi mara karani anapoiandika, ili jicho lake liione “03 Mei” kabla mkono haujaenda mbele, na iwekewe sharti la kukataa siku iliyo nje ya msimu.

Hoja ya nne: mikono miwili juu ya rekodi moja

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara, na waliokuwa wamechoka wanaombwa radhi na kuombwa pia wasogee mbele.

Hifadhidata ya kompyuta za mezani, kama Access ilivyo, ni faili lililowekwa katika folda ambayo kompyuta zote za ofisi huifikia kwa mtandao wa ndani. Hakuna seva inayofikiri kwa niaba ya wote. Kila kompyuta hulifungua faili na kufanya kazi yenyewe, na pembeni ya faili hilo programu huweka faili dogo la kufuli linaloonyesha nani yumo ndani. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya lazima ni kuligawa faili mara mbili: majedwali hubaki peke yake katika faili la nyuma, na fomu huwekwa katika faili la mbele ambalo kila karani hupewa nakala yake. Ofisi inayowaacha makarani wanne wafungue faili moja lililochanganya vyote inatafuta siku ya kuharibikiwa.

Na ichukuliwe kwamba makarani wawili wamefungua kwa wakati mmoja rekodi ya mwanachama mwenye deni la pembejeo la shilingi 84,000. Wa kwanza anapokea malipo ya shilingi 20,000, anatoa, anaandika 64,000. Wa pili, ambaye skrini yake bado inaonyesha 84,000, anamkopesha mwanachama huyohuyo dawa ya kupulizia ya shilingi 15,000, anajumlisha, anaandika 99,000. Deni halali ni shilingi 79,000, na hakuna kati ya makarani hao aliyekosea hesabu.

Programu ina njia mbili za kukabili hali hiyo. Ya kwanza ni kuifunga rekodi mara karani mmoja anapoanza kuibadili, ili wa pili azuiwe kuandika hadi wa kwanza amalize. Ubaya wake ni kwamba wa kwanza akienda kunywa chai akiwa ameacha herufi moja haijahifadhiwa, mwanachama huyo amefungiwa hadi chai iishe. Katika matoleo ya zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa kilichofungwa hakikuwa rekodi bali ukurasa mzima wa faili pamoja na rekodi za majirani waliomo. Kufunga rekodi moja moja kulikuja na toleo la mwaka 2000. Njia ya pili ni kuwaacha wote waandike, kisha kumwonya wa mwisho kwamba rekodi imebadilishwa na mwingine, na kumpa uchaguzi wa kuhifadhi yake juu ya ile, kunakili yake pembeni, au kuitupa. Onyo hilo ni la haki, ila karani mwenye foleni ya watu kumi na wawili juani atabonyeza kitufe chochote kitakachoiondoa ile ilani mbele yake.

Njia zote mbili zinatibu homa na kuacha malaria. Ugonjwa wenyewe ni kwamba jedwali limeweka jumla ya deni, jambo linalobadilika, badala ya kuweka matukio, mambo ambayo yakishatokea hayabadiliki. Fomu na imtake kila karani aongeze mstari mpya: mmoja “malipo, shilingi 20,000, tarehe, jina la karani”, mwingine “dawa, shilingi 15,000, tarehe, jina la karani”. Mistari miwili mipya haigombani. Deni halihifadhiwi popote. Hukokotolewa kila linapoulizwa, nalo litakuwa 79,000 hata mistari hiyo ingeingizwa na makarani saba kwa dakika moja. Kosa nalo lisifutwe, liongezewe mstari wa kulitengua, wenye sababu yake, sawa na mtunza fedha wa zamani alivyokatazwa kufuta kwa kifutio na kuamriwa kupiga mstari mmoja na kutia sahihi.

Wazee wa ushirika hawataona jipya hapo. Wakulima wa Usukuma waliojiunga katika miaka ya 1950 chini ya uongozi wa Paul Bomani, hadi mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, walikuwa na malalamiko mengi, na la mizani ya wanunuzi lilikuwa miongoni mwa makubwa. Walitaka jicho la pili kwenye mzani. Hifadhidata ya matukio ina jicho hilo, kwa kuwa kila kilo imeandikwa ilivyopimwa, daraja lake likiwa safi au fifi, yaani la juu au la chini, na nani aliyeiandika. Hifadhidata ya jumla ina neno la mtu wa mwisho tu.

Lipo swali la namba za stakabadhi, ambalo huwagombanisha mafundi na wakaguzi wa hesabu. Access hutoa namba ya kujiongeza yenyewe mara karani anapogusa herufi ya kwanza ya rekodi mpya, na akighairi, namba hiyo imepotea na haitarudi. Mkaguzi anayeona 1041 ikifuatiwa na 1043 hukumbuka vitabu vya stakabadhi, ambamo karatasi iliyokosekana ni fedha iliyokosekana, naye ana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba namba ya kujiongeza ni ufunguo wa ndani na isichapwe kamwe kwenye stakabadhi. Namba ya stakabadhi iwe uga mwingine, wenye faharasa inayokataa kurudiwa, na itolewe wakati wa kuhifadhi, si wakati fomu inapofunguliwa. Fomu inayochungulia namba kubwa iliyopo na kuongeza moja mara inapofunguka itawapa makarani wawili namba ileile, kwa sababu wote walichungulia kabla yeyote hajahifadhi.

Lililo bora zaidi ni kufuata desturi ya vitabu vyenyewe, ambapo kila kituo cha kununulia hupewa kitabu chake. Namba ikitanguliwa na alama ya kituo, kituo cha Mwamishali hakihitaji kujua Mwandoya wamefikia ngapi, na hata mtandao ukikatika kila kimoja huendelea. Namba za wagonjwa katika CTC2 zilipangwa kwa hekima hiyohiyo: sehemu ya mkoa, ya wilaya, ya kituo cha tiba, kisha ya mgonjwa, ili kila kituo kitoe namba zake bila kumwomba mtu ruhusa.

Hoja ya tano: umeme, mtandao na nakala rudufu

Hapa maneno ni machache kwa kuwa kila mmoja ameshayaona. Faili la pamoja huharibika zaidi pale kompyuta inapozimika au mtandao unapokatika katikati ya kuandika. Kwa hiyo kompyuta yenye faili la nyuma iwe na betri ya kuihifadhi umeme unapokatika, makarani waunganishwe kwa waya badala ya Wi-Fi, na faili linakiliwe kila jioni kwenye chombo kinacholala jengo jingine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa haihesabiwi.

Hoja ya sita: nani aone nini

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa kukusanya kwa sababu inayojulikana na kiasi kinachohitajika. Kwa mbunifu wa fomu maana yake ni swali moja kwa kila uga: ni ripoti gani au uamuzi gani unaoutumia? Uga ambao haukupata jibu uondolewe, hata kama ulikuwapo kwenye karatasi tangu enzi za Mkoa wa Shinyanga.

Neno la siri lililowekwa kwenye fomu lisidhaniwe kuwa ni mlango. Fomu humzuia mtu kuona ndani ya fomu, lakini anayelifikia faili la nyuma kwenye folda anaweza kulibeba lote mfukoni, na ulinzi wa mtumiaji mmoja mmoja uliokuwamo katika Access ya zamani haumo katika muundo wa faili uliokuja na toleo la 2007. Ofisi yenye orodha ya wanachama na kilo zao inaweza kuridhika na folda iliyofungwa na faili lililosimbwa kwa neno la siri. Ofisi yenye taarifa za afya isiridhike, na ifanye mipango ya kuhamia kwenye seva inayomtambua kila mtumiaji.

Kuhusu siku zijazo

Uhamaji huo umeshaanza na hautarudi nyuma. Vyama vya ushirika vinaingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, maarufu kama MUVU, na sekta ya afya inaelekea kwenye mifumo ya pamoja ya vituo. Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo kujifunza kubuni fomu za hifadhidata ndogo ni kupoteza muda. Hesabu yao haijakamilika. Mifumo mikubwa itapokea rekodi zilizotoka katika mafaili madogo, na rekodi mbili za Ng'wandu na Mwandu zitahamia huko zikiwa bado mbili. Tena baina ya mfumo wa taifa na mzani wa kijiji patabaki kwa miaka kadhaa chumba chenye kompyuta tatu, faili moja la pamoja na makarani wasiozidi watano. Kwa kazi ya kiasi hicho programu ya mezani inatosha kabisa, kwa kuwa faili lake huruhusiwa kufikia gigabaiti 2, na ingawa waundaji wake hutaja watumiaji 255 kwa wakati mmoja, busara ni kukaa mbali sana na idadi hiyo.

Kabla ya msimu ujao wa ununuzi, vyama vilivyowakilishwa hapa vinaombwa kufanya jaribio lisilohitaji bajeti. Makarani watatu waketishwe kila mmoja na kompyuta yake, wapewe karatasi zilezile 50 za wanachama, waziingize kwa wakati mmoja bila kuulizana, kisha rekodi zao zilinganishwe mstari kwa mstari. Kila watakapotofautiana, mbunifu aambiwe kwamba fomu yake bado haijakwisha, na arekebishe mahali hapo kabla ya kugusa rangi za skrini. Inapendekezwa pia kwamba karatasi hizo zisichaguliwe kwa kubahatisha, bali zitolewe zote katika kata ya Ng'hoboko, ambako ritifaa huanzia katika jina la kata yenyewe.